Krisi Ushago Subukia: Vile Utapiga Picha za Fam Ziwe na Maana

Nauli imeshapanda, mathree zimejaa, na wewe uko steji na begi mbili: moja ya luku zako, ingine ya sukari, majani na mkate wa shosho. Utafika Subukia, utadishi, utalala kwa godoro chini na macuzo wanne, na kufika tarehe 27 simu itakuwa imebeba picha kama 400. Sasa wacha nikuulize. Kati ya hizo 400, ngapi ni za shosho akiwa peke yake, ametulia, uso unaonekana? Na ngapi ni zako wewe, mahindi yakiwa nyuma?

Sikuchomi. Nauliza kwa sababu kuna siku mtu ataandika kwa grupu ya familia, "Nani ako na picha poa ya shosho?" halafu kila mtu aanze kuchimba simu yake. Inayopatikana ni ile ya kitambulisho, imekuzwa hadi ikawa kama vumbi, ama amekatwa kutoka kwa harusi ya mtu na bega la jirani bado liko hapo kando. Hiyo ndiyo inachapwa kwa programu ya mazishi. Umeiona hii. Familia iko na simu thelathini zenye kamera, na hakuna hata mmoja aliyemkalisha mzee kwa kiti akamtoa safi akiwa mzima, ndani ya nguo aliyojichagulia.

So huu ni mwongozo wa kuhakikisha Krisi hii hiyo picha inapatikana, pamoja na zile zingine zote. Hauhitaji kamera ya doo mob. Simu yako inatosha, hata kama kioo kimepasuka, bora ufa haujafika kwa lenzi. Na hauhitaji kusomea. Mimi chuo nilitoka kabla sijamaliza na hakuna mtu aliniuliza cheti nikishika simu.

Kabla utoke Nairobi

Fungua nafasi. Zile video zote umetumiwa kwa magrupu tangu Januari, futa. Ukishafika ocha bandoli inaisha haraka na netiweki kwa bonde inaenda ikirudi, so usipange kuhamisha vitu ukiwa huko. Beba pawabanki yenye imejaa, maana kwa nyumba ya shosho kuna soketi mbili na watu thelathini, na mjomba ameshachukua moja tangu jana.

Ingia kwa kamera, washa ile gridi ya mistari ili usitoe nyumba ikiwa imelala upande. Halafu tafuta ile sehemu ya kulainisha ngozi uizime kabisa. Simu nyingi tunazonunua huku zinakuja ikiwa imewashwa. Shosho wa miaka 84 hafai kutoka kama msichana wa fomu tuu. Yale makunyanzi ni uso wake, na ni hayo watu watataka kuona.

Ingine ni lenzi. Panguza na kitambaa laini, na uirudie kila saa. Picha nyingi zenye zinatoka na ukungu hazina shida ya simu, ni mafuta ya chapo.

Jua ya Subukia iko na tabia yake

Subukia iko Kaunti ya Nakuru, kwa ile barabara ya kutoka Nakuru kwenda Nyahururu. Unapita Bahati, unashuka bonde, na ukiendelea kupanda ule upande mwingine unafika Nyahururu kwa maporomoko ya Thomson. Wakatoliki wanaijua kwa sababu ya madhabahu ya Bikira Maria, mahali watu hujaa kila Oktoba kwa maombi ya kitaifa. Wewe mpiga picha unafaa kuijua kwa sababu ingine: ikweta inapita hapo hapo karibu.

Hiyo inamaanisha nini? Kwanza, saa za jua hazikudanganyi. Siku ya Krisi jua linachomoka kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi na linazama kama saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. Pili, linapozama halivuti miguu. Huko Uingereza jioni ya kiangazi mwanga wa dhahabu unakaa kwa muda mrefu, watu wanapiga picha wakipumzika. Huku kwetu jua linaanguka karibu wima. Likishaenda chini, una dakika ishirini na kitu giza liingie. Na kama boma yenu iko chini kabisa kwa bonde, mlima unameza jua hata kabla ya hiyo saa. Usingoje "jioni jioni hivi." Uliza mtu wa hapo jua linajificha nyuma ya mlima saa ngapi, halafu hesabu saa moja nyuma. Hiyo saa ndiyo yako.

Tatu, na hii ndiyo watu wengi hawajui: Disemba, ukiwa kwa ikweta, jua haliko juu ya kichwa kabisa hata saa sita na nusu mchana. Limeinama upande wa kusini. Linatoka kusini kidogo, linapita kusini, linazama kusini kidogo. Kwa hivyo ukuta wa nyumba wenye unaangalia kaskazini uko na kivuli siku mzima. Siku mzima, buda. Ukisimama ukiangalia kule jua linatoka asubuhi, kaskazini iko mkono wako wa kushoto. Nenda huo upande wa nyumba, toa mitungi na baiskeli, na umepata studio ya bure. Ukirudi likizo ya Agosti mambo yamegeuka, jua limeenda kaskazini na kivuli kimehamia ule upande mwingine.

Kwa nini nasisitiza kivuli na kuna jua tamu nje? Kwa sababu jua la saa saba linachimba mashimo meusi chini ya macho, kofia ya guka inaficha uso wote, na kila mtu amekunja sura kama anadaiwa. Ndani ya kivuli, watu wakiangalia mahali pana pa wazi, mwanga unakuja laini kutoka angani na unaosha uso wote sawa. Kivuli cha mti ni sawa pia, lakini angalia madoa ya jua yanayopenya kwa majani. Doa moja likitua kwa pua ya anti, hiyo ndiyo kitu pekee watu wataona.

Ngozi yetu na kamera zao

Simu haijui wewe ni nani. Inaangalia fremu yote na kutafuta wastani. Ukimsimamisha mjomba mbele ya anga nyeupe ama ukuta umepakwa chokaa, inaona mwangaza mwingi, inapunguza, na mjomba anatoka kivuli chenye meno. Dawa ni rahisi: gusa uso wake kwa skrini. Kuna kajua kadogo kanatokea hapo kando ya kile kiboksi, kasukume juu kidogo hadi uso uonekane. Anga ikiungua, iungue. Hakuna mtu anakuja kuangalia anga.

Na hii shida si ya juzi. Enzi za filamu, Kodak walikuwa wanatumia kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikiitwa kadi za Shirley, na maabara zilikuwa zinalinganisha ngozi za watu wote na yake. Ndio maana ukifungua albamu ya shosho unapata watu weusi tititi wenye hata huwezi tofautisha macho. Hawakuwa hivyo. Ni kipimo hakikuwa chao. Saa hizi makampuni yameamka kiasi. Google walitoa Pixel 6 mwaka wa 2021 wakitangaza kamera iliyorekebishwa kwa ngozi nyeusi, na Tecno walikuwa wameshajenga jina Afrika kwa hiyo hiyo kazi. Lakini bado, gusa uso. Usiachie mashini.

Picha ya kila mtu

Hapa ndipo kazi iko. Watu arobaini, watoto kumi na nne kati yao, mmoja analia, mmoja amepanda mti, wawili wameenda duka kununua soda na watarudi kesho.

Kanuni ya kwanza ni wakati. Watu wengi hungoja jioni kwa sababu ya mwanga, lakini jioni familia haipo. Wale wa Nyahururu wameshaondoka, wajomba wameanza kuongea kizungu, na nguo za watoto zimebeba udongo wote wa Subukia. Piga baada ya watu kurudi kutoka kanisani na kabla chakula hakijapakuliwa. Nguo bado ni safi na hakuna mtu anatoka kwa boma akijua pilau iko karibu. Chakula ndicho kitu pekee kinaweza kushikilia watu arobaini mahali pamoja. Ongea na wale wanapika mapema: sufuria hazifunguliwi kabla ya picha. Na usitangaze wewe. Wewe ni mtoto. Mwambie shosho atangaze. Akisema "kujeni picha" mara moja, hata yule mjomba wa kujifanya yuko kwa simu atakuja.

Panga viti mbele ya ule ukuta wenye kivuli, ama chini ya mti wenye majani mazito. Wazee katikati, wameketi. Wazazi wenu kando yao. Watoto chini kwa leso ama mkeka, siyo nyasi tupu, maana nyasi zikiwa na maji watasimama baada ya sekunde tatu. Warefu nyuma, na wakae kwa mapengo ya wale wa mbele, siyo nyuma ya vichwa vyao. Mtu akikwambia "mimi niko sawa hapa nyuma," hayuko sawa, hauoni uso wake. Mwambie: kama hauoni kamera, kamera haikuoni.

Usitumie ile lenzi pana ya nusu. Najua inaingiza watu wote bila wewe kurudi nyuma, lakini inavuta wale wa pembeni, na anti wa mwisho upande wa kulia atatoka na kichwa kama boga. Hatakusamehe. Tumia lenzi ya kawaida na urudi nyuma hadi kwa ua, hadi kwa zizi kama lazima. Shika simu kwa urefu wa kifua cha waliosimama.

Piga kumi, siyo moja. Kwa watu arobaini lazima kuna mtu amefunga macho, so unahitaji za kuchagua. Hesabu kwa sauti, "moja, mbili," halafu piga kabla ya tatu na baada ya tatu. Picha bora huwa ni ile ya baada, wakati watu wanadhani imeisha na mtu amesema kitu wote wakacheka.

Na wewe je? Kuna familia ziko na mtu mmoja hajaonekana kwa picha yoyote tangu 2015 kwa sababu yeye ndiye hupiga. Weka simu juu ya boneti ya gari ama stuli juu ya meza, isimamishe na kikombe, washa taima ya sekunde kumi, ukimbie. Wachekelee wakikuona ukikimbia. Hapo ndipo hata guka hutabasamu.

Kabla haujabonyeza, hesabu watu wa jikoni. Hii ni serious. Kwa picha nyingi za Krisi kenye kinakosekana ni wanawake wenye walipika hiyo Krisi. Wako nyuma ya nyumba, mikono iko na unga, wanasema "endeleeni tu." Usiendelee. Wangoje watoe aprani ama waje nayo. Na yule kijana anachunga ng'ombe wa guka na amekula na nyinyi miaka sita, mwite pia.

Sasa siasa. Kila familia iko nayo. Kuna bibi wa pili, kuna baba wa mtoto wenye hawaongei, kuna cuzo amekuja na dem mpya na mathe hajaamua kama anamtaka. Wewe si hakimu. Piga toleo mbili: moja ya kila mtu aliye kwa boma siku hiyo, ingine ya watoto na wajukuu wa shosho na guka peke yao. Sema hivyo mapema kwa sauti ya kawaida, "kwanza sisi wote, halafu damu tu," na hakuna mtu ataumia sana. Usianze na ya damu. Ukianza na hiyo wageni wanatawanyika na hawarudi.

Baada ya hiyo kubwa vunja vikundi haraka kabla hawajaenda: shosho na watoto wake, shosho na wajukuu, mabro wote, masista wote. Na kama ni familia ya Kikuyu kuna moja tamu sana watu husahau. Si watoto hupewa majina ya nyanya na babu? Msichana wa kwanza anaitwa mama ya baba, wa pili mama ya mama. So shosho akiwa Wanjiku, kuna Wanjiku watano wanakimbia hapo nje kutoka nyumba tofauti. Waweke wote kando yake. Picha moja, jina moja, miaka themanini kati ya mkubwa na mdogo.

Picha ya mzee peke yake

Hii ifanye tarehe 26 asubuhi, kelele ikiwa imepungua. Usimvizie. Mwambie jioni kabla, "Shosho, kesho nataka kukupiga picha moja nzuri." Atasema amezeeka, hakuna haja. Asubuhi utampata amevaa ile sweta ya kanisa na kitambaa kipya kichwani, na amepaka mafuta. Usimwambie avae nini. Kama ni guka, acha kofia, acha koti, acha fimbo. Sisi ndio tunadhani wazee hawajali luku. Zamani watu walikuwa wanaenda studio wakiwa wamepiga pasi hadi soksi. Mombasa kulikuwa na N. V. Parekh mwenye alikuwa na studio tangu miaka ya 1940, Lamu kulikuwa na Bakor miaka ya 1960, na watu wa kawaida walilipa kukaa hapo wakiwa wamejipanga vile wanataka kukumbukwa. Shosho yako anajua hiyo adabu ya picha kukuliko.

Mkalishe ndani ya mlango, hatua moja kutoka kizingitini, akiangalia nje. Wewe simama nje. Mwanga wa nje unamfikia, na nyuma yake ndani ya nyumba kuna giza, so hakuna kalenda wala tivii inampigania macho. Kama mlango unaangalia jua moja kwa moja, hamia dirisha. Simama hatua mbili tatu mbali, tumia zumu ya mara mbili kama simu yako iko nayo, usimkaribie na lenzi hadi pua iwe kubwa. Shuka chini hadi macho yako na yake yawe sawa. Kupiga mzee ukiwa umemsimamia juu kunamfanya aonekane mdogo.

Piga kichwa hadi kifua kwanza, anaangalia kamera, nafasi kiasi juu ya kichwa na pande zote. Hiyo nafasi ni muhimu, usikate karibu. Hii ndiyo picha itawekwa kwa fremu, na siku moja itatumika kwa ile kazi nilisema huko juu. Halafu anza stori. Muulize alikuja Subukia lini, nani alikuwa hapa, hiyo shamba ilinunuliwa vipi. Endelea kupiga akiongea. Hapo ndipo uso wake wa kweli unatoka, si ule wa kitambulisho. Piga mikono yake pia, ikiwa imelala kwa mapaja. Na ukimaliza, washa video ama rekoda ya sauti umwache amalize stori, dakika tatu zinatosha.

Akikataa, amekataa. Kuna wazee hawapendi, na hiyo ni haki yao. Muulize tena Pasaka.

Albamu iliyo chini ya kitanda

Ukiwa naye hivyo, muombe albamu. Iko pale, ndani ya sanduku, imefungwa na leso. Ndani kuna picha za enzi za filamu ya picha 36, wakati mpiga picha alikuwa anakuja na kamera, mnapigwa moja, na mnangoja wiki mbili mjue kama mlifunga macho. Kodak wenyewe walienda kuomba ulinzi wa kufilisika Januari 2012. Negativu nyingi hazipo tena. Kile kikaratasi ndicho kimebaki.

Usivichomoe kwa nguvu kama vimegandana na plastiki. Weka albamu mezani kwa ule upande wa kivuli, simama juu yake, simu iwe sambamba na ukurasa, zima flashi. Ukiona mng'aro, geuza albamu kidogo hadi upotee. Piga mbele, na kama inatoka, piga nyuma pia, mara nyingi kuna tarehe ama jina. Halafu muulize shosho huyu ni nani, huyu ni nani, na uandike hapo hapo. Hiyo list usiiwache kesho. Yeye ndiye mtu wa mwisho kwa hiyo boma anajua yule mwanaume wa tatu kutoka kushoto.

Jikoni, mbuzi, na usiku

Jikoni ya kuni ndiyo mahali patamu kuliko pote kwa mpiga picha, na hakuna mtu hupiga hapo kwa sababu ya moshi. Mlango uko wazi, jua linaingia kwa mshale mmoja, moshi unauonyesha, na kuna watu watatu wanasukuma chapo wakiscandal mtu. Ingia, kaa kando, usiwaambie waangalie. Gusa skrini mahali pana mwanga ili moshi usitoke mweupe wote. Halafu weka simu chini usaidie kusukuma, maana ukikaa hapo na kamera dakika kumi bila kushika kitu utafukuzwa.

Mbuzi akichinjwa, wazee wengine hawataki ipigwe. Uliza. Mutura ikiwa kwa moto piga vile unataka.

Usiku zima flashi. Inatoa watu wa mbele kama mizimu na nyuma giza. Tumia ile hali ya usiku, egemeza simu kwa ukuta, na uambie watu wakae ngumu sekunde tatu. Watu kuzunguka moto hutoka poa sana hivyo. Stima ikipotea, mishumaa, hata afadhali.

Kuposti na kuweka

Kabla uweke kitu mtandaoni, angalia ni nani ako ndani. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi ama mlezi kwa data ya mtoto, na picha ni data. Kupiga na kuhifadhi za nyumbani hakuna mtu atakusumbua, mambo ya kifamilia sheria imeyaacha nje. Lakini ukitumia watoto wa sista yako kusukuma peji yako ya biashara, hiyo ni risto ingine. Septemba 2023 shule moja ya Uthiru ilipigwa faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuposti picha za watoto bila wazazi kukubali, na klabu moja ya Nairobi milioni 1.85 kwa picha ya mteja. Mjomba akiwa amelewa, hata bila sheria, wacha. Na hiyo ya kuandika "niko ocha hadi Januari" wakati keja yako ya Kasarani iko tupu, nani unaambia?

Kutuma kwa grupu kupitia WhatsApp kunaminya picha hadi inakuwa ya skrini tu. Ukija kuichapa inatoka maji. Washa ile alama ya HD, ama itume kama dokumenti, hapo inaenda ilivyo. Za Google ziko na GB 15 za bure, na tangu Juni 2021 picha zote zinahesabiwa humo, so ukijaza barua pepe imejaa pia. Gawana: wewe uweke kwako, cuzo mmoja aweke kwake, na kopi moja kwa kompyuta ya mtu. Simu inaibiwa Tom Mboya tarehe 3 Januari na Krisi yote imeenda. Na nyumba pia si ya kuamini. Hapo Solai, jirani na Subukia, usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Patel lilipasuka, likaua watu zaidi ya arobaini na kubeba nyumba na kila kitu kilikuwa ndani. Albamu moja chini ya kitanda kimoja haitoshi.

Halafu chapa. Shosho hana WhatsApp, na hata akiwa nayo simu yake haifungui. Ukipita Nakuru ukirudi, tafuta studio yenye mashini ya picha, siyo printa ya saiba yenye wino unafifia. Chapa mbili: ile kubwa ya watu wote, na ile yake peke yake. Tuma na mtu anarudi Subukia ama uweke kwa begi ya Pasaka.

Kabla uzifunge, andika nyuma. Karatasi ya picha siku hizi iko na plastiki nyuma, biro inateleza na inapaka picha iliyo chini. Tumia maka nyembamba, wacha ikauke dakika chache. Andika Subukia, tarehe, mwaka. Halafu majina, ukianza na mstari wa waliokaa, kushoto kwenda kulia, na ukifika kwa Wanjiku andika ni Wanjiku wa nani.